Kuchukia kwa Kiebrania

Siku Fundi aliporudi kutoka kwa mchungaji na kutangaza kwamba ni lazima mke mmoja aachwe, Bi Mkubwa alikuwa na misumari mdomoni. Hilo lilimwokoa. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kutukana, hawezi kulia, wala hawezi kuuliza swali ambalo hataki jibu lake. Anaweza tu kukodoa macho na kuendelea kushika kitambaa. Bi Mdogo, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi chochote siku hiyo wala siku nyingine, ndiye aliyeuliza.

"Yupi?"

"Sijasema bado," Fundi alijibu, akilitundika koti lake la kanisani nyuma ya mlango.

"Hujasema, au hujaamua?"

"Vuta kitambaa, mama. Kinalegea."

Walikuwa wanavalisha kochi la watu watatu, na katika karakana ile hakuna kochi lililowahi kuvalishwa na mtu mmoja. Bi Mkubwa alikata na kushona kwa cherehani. Bi Mdogo, aliyejaliwa mikono ya kumkaba fahali, alivuta kitambaa mpaka kikanyooka bila kunyanzi. Fundi alipiga misumari, ile midogo yenye vichwa bapa, ambayo Bi Mkubwa alimtemea kiganjani mmoja baada ya mwingine. Mteja mgeni akiingia na kuwakuta hivyo, mume katikati ya wake wawili, wote wameinamia kochi moja kama madaktari, alikohoa kwanza. Halafu alikaa, akajaribu sponji, akasahau kushangaa.

Bi Mkubwa alitema misumari yote kwa pamoja. "Na ukishamwacha huyo mtu, utapata nini?"

Fundi alikipapasa kitambaa kana kwamba jibu lilikuwa limeshonewa humo ndani.

"Meza ya Bwana," alisema.

Hapo hakuna aliyemcheka, hata Bi Mdogo. Wote walijua. Kile kiti kikubwa chekundu cha madhabahuni, anachokalia mchungaji, Fundi ndiye aliyekitengeneza, na kila kikichakaa huitwa yeye kukivalisha upya. Basi huingia mpaka mbele kabisa na nyundo yake, hupiga magoti pale, hugonga, hutoka. Lakini siku ya mkate na kikombe hakuwahi kuruhusiwa kupiga magoti palepale. Mwanamume wa wake wawili! Alikuwa akilipitisha jambo hilo kwa utani. "Mimi naingia kwa mlango wa mafundi," alikuwa akisema, na watu wakicheka. Tangu kifua kilipomlaza hospitali, alikuwa ameacha kulitania.

"Mchungaji hakunilazimisha," alisema. "Ameniambia utaratibu tu. Nibaki na mmoja, nifunge naye ndoa kanisani. Mwingine nimwache mbele ya wazee, Jumapili hii baada ya ibada. Nichague mwenyewe."

"Anakuamini sana," Bi Mdogo alisema. "Wewe hata rangi ya uzi huwa unachaguliwa."

*

Binti yao alikuwa likizo. Alizaliwa na Bi Mdogo, akalelewa mgongoni kwa Bi Mkubwa, na sasa alisoma chuo cha theolojia, ambako walikuwa wameanza kumfundisha Kiebrania. Nyumbani wakamwita Profesa. Alifua akinong'ona vitenzi, akasuka nywele akinong'ona vitenzi, mpaka Bi Mdogo akauliza kama chuoni hakuna ugonjwa unaoambukiza.

Sasa Fundi alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Hakutaka kusimama mbele ya Mungu na neno la kukisia. Wakiwa wanachambua misumari iliyopinda, akamuuliza binti yake: "Profesa, hili neno la kumwacha mke, kwa wenyewe kule lilikuwaje? Kwa lugha yao hasa."

Msichana akafurahi. Alikuwa na umri ule ambao mtu akiulizwa kitu anachokijua, hatazami ni nani anayekisikiliza.

"Yapo maneno, baba. Lakini lipo moja la ajabu. *Sane*. Maana yake kuchukia. Kwenye baadhi ya mikataba ya ndoa ya Wayahudi wa zamani, mume akitaka kumwacha mke alisimama mbele ya watu akasema amemchukia. Basi. Kuchukia na kuacha vilikuwa kama neno moja."

"Nimemchukia," Fundi alijaribu, taratibu.

"Lina herufi tatu. Ya mwisho ipo, inaandikwa, lakini haitamkwi."

"Kama Bi Mkubwa akiwa na misumari," alisema Bi Mdogo.

"Na yule mke mwenyewe anaitwa *senua*. Aliyechukiwa. Ni kauli ya kutendwa, Mama Mkubwa, kama sisi tunavyotia ile *wa*. Penda, pendwa. Chukia, chukiwa."

"Amechukiwa na nani?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Neno halisemi. Linamtaja aliyetendwa tu. Aliyetenda hayumo ndani yake."

"Ana bahati huyo."

Fundi aliinamia misumari yake kwa bidii kubwa.

"Lakini si lazima iwe chuki ya kutemeana mate," Profesa aliendelea, maana hakuna aliyemkanyaga mguu. "Mara nyingi maana yake ni kuwekwa nyuma tu. Kama Lea. Mstari mmoja unasema Yakobo alimpenda mdogo mtu kuliko yeye. Mstari unaofuata unasema Lea alichukiwa. Mume hakumpiga, hakumfukuza, alizaa naye watoto. Amependwa pungufu, ndiyo chuki yenyewe."

Bi Mkubwa alinyoosha msumari mmoja, akautazama, akaupinda tena bila kukusudia.

"Hiyo ndiyo mbaya," alisema. "Mtu akinichukia sawasawa, angalau nimemkaa rohoni, usingizi hapati. Kupendwa pungufu ni kama yale mabaki ya kitambaa tunayobandika mgongoni mwa kochi, pale panapoelekea ukutani."

"Dada," alisema Bi Mdogo, "na ukutani nako panataka kitambaa kizuri. Siku ya kuhama kochi linageuzwa."

"Nyamaza wewe."

*

Kosa la Profesa lilikuwa dogo, na ni kosa ambalo lisingetokea nyumba nyingine yoyote. Alieleza habari ya kale, baba yake akasikia maagizo. Yeye mchungaji alikuwa amemwambia amtaje tu mke anayebaki. Lakini Fundi sasa aliamini kwamba kazi haijakamilika mpaka neno lenyewe, lile la wenyewe, litamkwe kwa sauti.

Bi Mkubwa aligundua alipokwenda kumwita kunywa chai. Alikuwa ameshika pazia la karakana alipomsikia akizungumza humo ndani. Akachungulia. Fundi alikuwa amesimama wima mbele ya kochi lililovuliwa nguo, springi zote nje, akilihutubia.

"Nimemchukia," alisema.

Akakohoa. Akarudi nyuma hatua, akavuta pumzi.

"Nimemchukia."

Halafu akatikisa kichwa kama mtu aliyepiga msumari upande. "Inatetemeka," alijiambia. "Nimem… nimemchukia."

Bi Mkubwa alisubiri jina. Halikuja. Alisimama pale na pazia mkononi akikifikiria kile kijisauti cha katikati, kile *m* ambacho ni mtu mzima mwenye miguu na mikono. Alikuwa nani? Angeweza kuwa yeye. Angeweza kuwa Bi Mdogo. Kwa jinsi Fundi alivyolikazia macho, lingeweza kuwa kochi. Kiswahili nacho, akawaza, kina siri zake. Unaweza kumchukia mtu mzima mzima ndani ya kitenzi bila kumgusa jina.

Na akiwa bado anawaza hivyo, akili yake ikaingia chumbani kwa Bi Mdogo bila kubisha hodi. Ikaondoa kitanda. Ikapanga humo sponji zote ambazo huwa zinalowa stoo mvua ikinyesha, na dirishani ikaweka cherehani, penye mwanga mzuri. Ilikuwa imeanza kuchagua pazia alipozinduka.

Akarudi jikoni mbio. Akammiminia Bi Mdogo chai, akamkatia mkate kipande kinene, akampaka siagi mpaka pembeni.

Bi Mdogo alikitazama kile kipande, akamtazama na yeye.

"Nina ugonjwa gani?"

"Kwani mtu hawezi kupewa mkate?"

"Siagi mpaka pembeni? Dada, mara ya mwisho kunipaka hivi nilikuwa nimetoka kufiwa na mama yangu."

"Kula uniache."

Bi Mdogo akala, lakini alitafuna polepole, macho yake yakiwa kwenye pazia la karakana.

*

Jumapili, baada ya ibada, ofisi ya mchungaji ilikuwa imepangwa. Wazee wa kanisa upande mmoja, mchungaji nyuma ya meza yake. Upande wa pili viti viwili. Kimoja cha Fundi. Kimoja cha mke.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyepanga viti alifuata tu hesabu ya mambo yatakavyokuwa baadaye. Lakini wale wanawake wawili walisimama mlangoni wakikitazama kile kiti kama kimewatukania wazazi. Profesa, aliyewafuata kwa nyuma, aliegemea ukuta na kutamani uwe na mlango.

"Kaa, dada," Bi Mdogo alinong'ona.

"Kaa wewe, una miguu mibovu."

"Miguu yangu mibovu? Nani anayepakwa dawa kila jioni?"

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye duka la vioo, alikohoa. Basi wakakaa wote wawili kwenye kiti kile kile, kila mmoja na upande wake, nusu ya mwili juu ya kiti na nusu juu ya neema ya Mungu. Wameshikana mabega wasianguke. Kilikuwa kiti chembamba, na Bi Mkubwa aliona wazi kwamba hakikutengenezwa na mume wao.

Mchungaji aliomba sala fupi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sura ya kutolala vizuri wiki hiyo. "Fundi," alisema, "wazee wanakusikiliza."

Fundi akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe, kola imembana shingoni. Akashusha mikono pembeni, wima, kama alivyofanya mbele ya kochi.

"Nimemchukia," alisema. Safari hii haikutetemeka.

"Fundi," mzee wa vioo alisema, "hapa hatujakuita umchukie mtu. Tunasema umwache tu. Kwa upendo."

"Binti yangu amenifundisha. Kwa wenyewe ni neno moja."

Macho yote yakaenda ukutani, kwa Profesa, ambaye alikuwa amejikunja nusu ya urefu wake. Halafu yakarudi kwa mchungaji, yakitaka akanushe. Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Amemfundisha sawa," alisema. "Ndivyo lilivyo. Mimi mwenyewe nikilifikia huwa nalipita haraka haraka."

"Basi," mzee wa vioo alisema, "kama ni neno moja, ni neno moja. Amtaje, tusikie."

"Nimemchukia…" Fundi alisema.

Alifungua mdomo. Kola ilipanda na kushuka.

Na hapo Bi Mkubwa alisikia moyo wake mwenyewe ukisema, kwa sauti safi kabisa, bila haya: *Mtaje yeye.* Haukusema nisaidie Mungu wangu wala mapenzi yako yatimizwe. Mtaje yeye, tumalize, twende nyumbani. Wakati uleule alihisi bega alilolishikilia likitetemeka. Au lilikuwa la kwake. Walivyokuwa wamebanana, hakukuwa na njia ya kujua.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Akasimama ghafla.

"Ni mimi!" alisema.

Alikuwa amesahau kiti. Nusu moja ilipoondoka, nusu ya pili haikuwa na cha kuiegemeza. Kiti kikapinduka, na Bi Mdogo akaenda chini kwa kishindo kilichoinua vumbi la zulia.

"Nani kakwambia ni wewe?" Bi Mdogo alisema kutoka sakafuni. "Ametaja? Umesikia ametaja?"

"Nimejitaja mwenyewe. Mimi mtu mzima, nina wanangu, watanipokea."

"Wanao! Kwa yule mkwe wako anayeficha sukari? Utarudi kabla jua halijazama. Mimi ndiye niliyekuja wa pili, wa pili ndiye anayeondoka, hata kwenye foleni ndivyo."

"Foleni gani inayomtoa wa pili? Wewe uondoke, nani atavuta kitambaa?"

"Na wewe uondoke, nani atashona? Huyu? Huyu akishika sindano anajishona mkono wa shati!"

"Akina mama!" alisema mzee wa vioo. "Akina mama, tuko ofisini!"

"Subiri kidogo, mzee," Bi Mdogo alimwambia kwa adabu, bado amekaa chini. "Tunazungumza."

Mzee mmoja wa pembeni alikuwa ameziba uso kwa kofia, na kofia ilikuwa inatikisika. Fundi aliinama, akamwinua Bi Mdogo, akamkung'uta vumbi mgongoni. Akasimamisha kiti. Akakijaribu kwa kiganja, kwa mazoea, akaona mguu mmoja umelegea.

"Mchungaji," alisema, "umewaona. Neno ninalo, nimelifanyia mazoezi. Sasa niambie nilipeleke kwa nani."

"Siwezi kukuchagulia, Fundi."

"Najua."

"Na utaratibu siwezi kuubadili peke yangu."

"Hilo nalo najua." Akaikamata mikono ya mchungaji, yote miwili, akaishikilia. "Asante kwa kunisikiliza. Mguu wa kiti hiki nitakuja kuukaza kesho."

*

Njiani Profesa alilia. Alisema ameharibu kila kitu kwa kujifanya anajua. Bi Mkubwa alimfuta uso kwa ncha ya khanga kama alivyomfuta alipokuwa mdogo, akamwambia hajaharibu chochote, ila siku nyingine baba yake akimuuliza neno, ampe la kununulia chumvi.

Fundi alitembea mbele yao. Mabega yalikuwa yameshuka. Walipofika hakuingia ndani, alipitiliza hadi karakanani na kukaa kwenye lile kochi lisilo na nguo, juu ya springi tupu, na shati lake jeupe.

Bi Mkubwa alimpelekea chai. Akakaa juu ya marobota ya kitambaa, mbele yake. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Ungemtaja nani?"

"Mama, jambo limekwisha."

"Kwako limekwisha. Mimi bado limenikaa hapa." Akajigusa shingoni. "Nitajie."

Fundi aliizungusha ile bilauri ya chai.

"Wewe," alisema.

Nje mtu alipita akiburuza kitu cha bati, kelele ikaja, ikaondoka.

"Yeye nikimwambia ondoka, ataondoka," Fundi alisema. "Ataamini. Utamsikia anacheka mpaka kona ile, halafu akishapita kona hatutamwona tena. Wewe nikikuambia asubuhi nimekuchukia, jioni ungekuja kuniuliza nimekula nini."

Bi Mkubwa aliitazama chai mkononi mwa mume wake. Hakujua kama amnyang'anye ammwagie, au aongeze sukari.

"Kwa hiyo umenichukia kwa sababu unaniamini."

"Kiebrania sijui kinasemaje hapo."

"Kinasema wewe ni mjinga," alisema, lakini sauti ilimvunjikia katikati, na ikabidi aangalie pembeni. Kisha, kwa kuwa mtu akishapewa ukweli mzito hivyo hapendi kubaki na deni lake, akasema: "Mimi niliomba umtaje yeye. Pale pale. Ndiyo maana nikasimama."

"Ndiyo maana ukaniangusha," alisema mtu nyuma ya pazia.

Bi Mdogo aliingia akichechemea, mkono kiunoni.

"Umesikia nini?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Yote. Nyumba yenyewe kuta zake ni mapazia." Akaja akasimama kati yao. Kwa mara ya kwanza tangu Bi Mkubwa amfahamu, hakuwa na neno tayari. Ilimbidi alitafute. "Mimi pia niliomba, dada. Akutaje wewe. Niliomba nimefumba macho."

Wakatazamana.

"Kwa hiyo maombi yaliyokuwa yanajibiwa ni ya kwako," Bi Mkubwa alisema polepole.

"Nilikuwa nimeshashinda! Ungekaa kitako dakika moja tu!"

Kicheko kilianza kwa Bi Mdogo, kikaruka kwa Bi Mkubwa, kikamshika mbavu mpaka akalazimika kushikilia marobota. Walicheka mpaka machozi, na baada ya muda hakuna aliyeweza kusema yale machozi ni ya upande gani. Fundi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na tone moja lilikuwa limeangukia kwenye chai yake.

Wakanyamaza wote wawili mara moja.

"Nilitaka mara moja tu," alisema. "Kabla ya kufa. Niende pale mbele bila nyundo."

Bi Mkubwa aliinuka. "Sogea," alisema. Akakaa upande mmoja wa kochi, springi zikamlilia. Bi Mdogo akakaa upande wa pili, zikalia zaidi. Fundi akawa katikati, chai yake imeinuliwa juu isimwagike.

"Na Jumapili?" aliuliza baadaye.

"Jumapili nitakupigia pasi shati," Bi Mkubwa alisema. "Utakwenda, utakaa, wakigawa utakosa. Nasi tutakosa pamoja na wewe, huku na huku."

"Lakini ukisinzia tena wakati wa mahubiri," alisema Bi Mdogo, akimchukua ile chai na kuinywa yeye, "safari hii tunakuchukia wote."